Filamu za Vugiri na Zisioze

Rafiki yangu hapa Lushoto, mwalimu mstaafu kama mimi, asema filamu za kikoloni na zioze. Namkatalia. Mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri, katika milima hii hii ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 kati ya 1935 na 1937. Picha zilikuwa kimya. Maelezo, ya Kiswahili yakiwemo, yalirekodiwa kwenye santuri. Zinazojulikana kusalia ni tatu tu, nazo zimo Uingereza. Zilitudharau? Sina shaka. Lakini enyi washairi, katika malumbano nani humjibu mwenziwe kabla ya kuusikia ubeti wake? Mhifadhi wa filamu haisifu picha anapoikinga na joto na unyevu. Atutunzia hoja ya mpinzani. Kiswahili kile cha Vugiri, lafudhi na msamiati wake, nitakikosoaje nami sijakisikia?