Mgonjwa akirudishwa nyumbani, dawa ya maumivu isibaki hospitalini

Familia ya Shishiyu, wilayani Maswa, ikiambiwa huko Bugando, Mwanza, “mrudisheni mgonjwa nyumbani,” wengi huona matibabu yamekwisha. Sivyo. Saratani inaweza kufika mahali haiponi tena, lakini maumivu yake bado yana dawa. Kazi hiyo inaitwa tiba shufaa: kutuliza maumivu na kichefuchefu, kutunza vidonda, na kuwapa moyo mgonjwa na wanaomuuguza.

Dawa kuu ya maumivu makali ni mofini. Ile ya maji hunywewa kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kusubiri maumivu yarudi. Hufunga choo, hivyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Wapo wanaoikataa wakiogopa kwamba inaharakisha kifo au itamfanya mgonjwa teja. Mtaalamu akiipima kulingana na maumivu, haiharakishi kifo, na ni nadra mgonjwa wa namna hii kuwa teja.

Ugumu ni kuipata. Mofini inadhibitiwa kisheria, haiuzwi dukani kama panadol. Chupa ikiisha, mtu asiyeweza hata kuketi atapandaje basi kurudi Mwanza? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji huduma hii, na wanaoipata ni asilimia 14 tu.

Jirani zetu Uganda wametuonyesha njia. Shirika la Hospice Africa Uganda lilianza mwaka 1993 kutumia mofini ya maji kwa wagonjwa walio majumbani. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo kuiandika, bila kumsubiri daktari, ambaye vijijini ni adimu.

Kwa maoni yetu, kipimo cha huduma hii Simiyu kiwe hiki: je, dawa inamfikia mgonjwa aliye kitandani kijijini?

Kwako msikilizaji unayeuguza, kabla ya kuondoka hospitali uliza mambo matatu: dawa hii itatosha siku ngapi? Ikiisha tutaipata wapi karibu na nyumbani? Maumivu yakizidi usiku tumpigie nani? Omba majibu yaandikwe kwenye karatasi ya mgonjwa, uende nayo kituo cha afya kilicho karibu mapema, dawa ikiwa bado ipo.