Neno “Usiwe na Wasiwasi” Halijengi Nyumba

Kuna neno ambalo sisi Wakristo wa Rubavu tunalisema haraka mno: “Usiwe na wasiwasi, mwamini Mungu tu.” Tunalisema msibani, hospitalini, hata kwa mwanafunzi aliyekosa karo. Mimi ninadai kwamba tunalitumia vibaya, na kwamba mara nyingi linamfaa anayelisema kuliko anayeambiwa.

Tukumbuke yaliyotupata hapa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka. Maelfu ya ndugu zetu wa Goma walivuka mpaka, na kwa siku kadhaa matetemeko yalipasua kuta za nyumba na barabara za Gisenyi. Watu walilala nje. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, nyumba za Nyundo zikaanguka. Mafuriko na maporomoko ya siku hizo yaliua watu zaidi ya 130 nchini. Aliyepitia hayo akisikia mvua kubwa usiku, moyo wake hushtuka. Je, tumwambie kuwa ametenda dhambi?

Wako wahubiri wanaojibu ndiyo. Wanasema wasiwasi ni upungufu wa imani, na ushahidi wao ni Mathayo sura ya 6 na Wafilipi sura ya 4. Lakini Yesu mwenyewe alihuzunika sana Gethsemane, wala hakuwaficha wanafunzi wake. Aliwaomba wakeshe pamoja naye. Na Wafilipi tuisome mpaka mwisho. Paulo aliandika akiwa kifungoni. Aliwaagiza wasijisumbue bali waombe. Kisha, katika sura hiyohiyo, akawashukuru kwa kuwa walishiriki taabu yake na kumtumia mahitaji kwa mkono wa Epafrodito. Maombi na msaada vimo katika barua moja. Nani ametupa ruhusa ya kuvitenganisha?

Sisemi kwamba maombi ni bure. Bila tumaini kwa Mungu, hata mwenye nyumba imara hapati usingizi, kwa maana hakuna ukuta unaozuia kifo. Ninachopinga ni imani inayomnyamazisha mwenye hofu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: tunauona mwepesi kwa sababu hatujaubeba. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba hofu yake ni dhambi, hatasema tena. Atatabasamu ibadani na kukesha peke yake kitandani.

Kwa hiyo tuache kumhukumu mwenye wasiwasi. Tumwulize kwanza: unaogopa nini? Kisha tuombe naye, na kabla ya kusema amina tujue ni nani atakayempa pa kulala mvua ikizidi, na nani atakayemchangia karo. Hapo ndipo atakapoamini kwamba Baba wa mbinguni anamjua, kwa kuwa wanaomwita Baba wamefika mlangoni pake.