Tumrudishie kifaranga alichonyimwa

Kifaranga anayetotolewa na mashine hamjui mama. Anavunja ganda kwenye trei safi, ndani ya chumba kilichopuliziwa dawa, anahesabiwa, anachanjwa, anapakiwa kwenye boksi pamoja na wenzake, na kesho yake yuko kwenye bruda yangu au yako, anaota joto la balbu au jiko la mkaa. Usafi huo una faida kubwa na hakuna anayetaka turudi nyuma. Lakini lipo jambo ambalo hatuelezwi tunapokabidhiwa boksi: tumboni mwa kifaranga huyo karibu hamna kitu isipokuwa mabaki ya kiini cha yai. Mwenzake aliyeanguliwa chini ya mbawa za kuku wa kienyeji huanza kumeza bakteria wa mama yake tangu siku ya kwanza, kwa kudonoa majani ya kiota, manyoya na kinyesi. Kisha mama anamtoa nje, anachakura, anamwita, na anachomwitia mara nyingi ni mdudu: mchwa, funza, panzi mdogo.

Bakteria wa mama na wadudu wa uwanjani. Ufugaji wetu wa kisasa umewaondoa wote hao, na nafasi yao tumeijaza kwa dawa. Wito wangu kwako, ndugu msomaji, uwe unafuga kuku kumi au elfu kumi, au unanunua tu trei ya mayai mwisho wa mwezi, ni kwamba tusaidiane kuwarudisha.

Simama kidogo katika duka la dawa za mifugo, popote pale mjini. Hutachelewa kumsikia mteja akisema, "Nipe OTC na vitamini, nimepokea vifaranga leo." Hakuna kifaranga aliyeugua. Hakuna daktari aliyeulizwa. Dawa inakwenda kwenye maji ya kunywa "ya kuwakinga", na baada ya muda inarudiwa. Simlaumu mfugaji huyo. Ameweka akiba yake yote ndani ya banda, amemwona jirani akizika kuku kwa toroli, na hiyo ndiyo njia aliyoonyeshwa. Ila dawa ile inawaua bakteria wazuri ambao vifaranga ndiyo kwanza wanaanza kuwapata, na inawaacha hai wabaya walio sugu.

OTC, yaani oksitetrasaiklini, ni ndugu wa doksisaiklini unayoandikiwa hospitali. Kimelea kilichoizoea ya kwanza bandani mara nyingi hakitishiki na ya pili wodini. Wataalamu wetu wanauita usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba watu wapatao milioni 1.27 walikufa kwa sababu yake mwaka 2019 pekee, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia kuliko maeneo mengine. Uswidi ilipiga marufuku kuwapa mifugo antibayotiki ili wanenepe tangu mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata tarehe 1 Januari 2006. Lakini Denmark walijifunza jambo ambalo nasi tulitie maanani: walipoacha kuwapa watoto wa nguruwe dawa hizo, kuhara baada ya kuachishwa kunyonya kuliongezeka, wakalazimika kutibu zaidi kwa muda. Kumnyang'anya mnyama dawa bila kumtengenezea tumbo ni kazi nusu. Ndiyo maana sitaishia kusema "acheni dawa".

Tumbo hutengenezwaje? Jibu bora nililowahi kusoma linatoka Ufini. Mwaka 1971 mashamba ya kuku wa nyama ya huko yalivamiwa na salmonela. Mtafiti Esko Nurmi na mwenzake Rantala walichukua yaliyomo kwenye matumbo ya kuku wakubwa wenye afya, wakawapa vifaranga wachanga, kisha wakawaingizia salmonela kwa makusudi. Vifaranga wengi waliopewa kile cha wakubwa zao hawakushikwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973, na ufugaji wa kuku wa Ufini ukajengwa juu ya wazo hilo. Ni kile kile anachokifanya kuku wa bibi yako uani bila kufundishwa na mtu.

Utumbo wa kifaranga ni baraza la jioni: waliowahi wameshakaa kwenye mkeka, na anayekuja baadaye na nia mbaya hapati pa kukaa. Bakteria rafiki, ambao kitaalamu huitwa probayotiki wanapotolewa wakiwa hai na kwa kiasi cha kutosha, hushika kuta za utumbo kabla ya salmonela. Hula chakula ambacho salmonela angekila. Hutoa asidi zinazomchoma. Na katika vile vifuko viwili vilivyo mwishoni mwa utumbo wa kuku, hupika mabaki ambayo kuku mwenyewe hawezi kuyasaga, wakatengeneza asidi laini zinazolisha chembe za ukuta wa utumbo. Ukuta ukiwa mzima, mikunjo yake ikiwa mirefu, pumba na mahindi unayonunua kwa shida huingia mwilini badala ya kuishia kwenye maranda. Chakula hula zaidi ya nusu ya gharama za kufuga kuku, kwa hiyo hapo ndipo faida yako inapopatikana au kupotea.

Bidhaa za bakteria rafiki zimeshaingia madukani. Ukinunua, soma pakiti. Iwe imeandika jina la bakteria, idadi yake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Laktobasili ni wazuri lakini hawapendi joto. Basili wanaojifungia ndani ya mbegu ngumu huvumilia hata moto wa mashine ya kutengeneza chakula cha punje. Usiwamimine kwenye maji ya bomba yaliyotoka kuwekwa klorini, na usiwachanganye na antibayotiki ukitegemea watapona. Wakati wao ni siku za mwanzo kabisa za maisha ya kifaranga, na tena baada ya matibabu yoyote yaliyokuwa ya lazima.

Asiye na uwezo wa kununua ana njia nyingine, na sisi tunaijua kuliko Wafini. Tuna togwa. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 uliwapa watoto wa chini ya miaka mitano togwa kila siku, na vimelea vya kuharisha vikapungua kwenye vinyesi vyao. Kazi ile ilifanywa na bakteria wa asidi ya maziwa, jamaa wale wale wa laktobasili. Chakula cha kuku nacho huchachushwa vivyo hivyo: lowesha chakula cha vifaranga kwa maji safi hadi kiwe uji mzito, funika, acha siku mbili au tatu mahali pa joto, koroga kila siku. Kikinukia uchachu safi, kama togwa nzuri, kimeiva, na ukali wake salmonela haustahimili. Bakisha kidogo kiwe mbegu ya kesho. Kikiota kuvu au kikinuka uozo, mwaga chote, usiwape. Wape kiasi cha kumalizwa siku hiyo hiyo, vyombo vioshwe.

Sasa wadudu, na hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo tunapohitajiana.

Protini ya chakula chetu cha kuku hutegemea soya, mashudu ya alizeti na dagaa. Nenda Mwaloni, Kirumba, pale Mwanza, uone magunia. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya wanawaita omena na Waganda mukene, ni samaki wa maskini. Wana madini ya chokaa na chuma ambayo mtoto anayeanza kula anayahitaji sana, na wananunulika kwa kipimo kidogo. Sehemu kubwa yao inaishia kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Mama wa watoto wanne anashindania fungu lile lile na mashine ya kusaga. Jambo hili linaniuma, na sidhani kama tunalizungumza vya kutosha.

Wakati huo huo, katika soko la Mabibo jijini Dar es Salaam au Kongowea kule Mombasa, maembe yaliyobonyea, maganda ya ndizi, kabichi na mananasi yaliyoiva kupita kiasi yanarundikana, yananuka, yanasubiri gari la taka. Kati ya rundo hilo na banda lako yupo mdudu mmoja: nzi askari mweusi. Ni mwembamba, anafanana kidogo na nyigu, haumi, hatui kwenye sahani yako kwa kuwa akishakua hali chakula chochote kigumu. Anaishi siku chache, anataga mamia ya mayai kwenye nyufa za mbao karibu na kitu kinachooza, anakufa. Baada ya siku kama nne mayai yanatoa funza, na funza hao hula kwa wiki mbili tatu bila kupumzika. Wakikomaa huwa weusi na hutambaa wenyewe kutoka kwenye uchafu kutafuta mahali pakavu. Ukitengeneza ngazi ya mteremko, wanajiokota na kuingia kwenye ndoo yako. Joto wanalolipenda ni hili letu la kila siku. Mabaki yao ni mbolea.

Funza aliyekaushwa ana protini takriban asilimia 40 na mafuta takriban asilimia 30. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya nazi, na asidi hii huwadhoofisha bakteria kadhaa wa magonjwa. Gamba lake lina kitini, ambayo kuku husaga kiasi, na sehemu inayobaki inakuwa chakula cha bakteria rafiki. Nchini Italia kuku wa mayai waliolishwa unga wa funza badala ya soya walionekana, katika utafiti wa mwaka 2017, kuwa na asidi ya butiri nyingi zaidi matumboni, ndiyo ile inayolisha ukuta wa utumbo. Mdudu anamlisha kuku, na anawalisha pia bakteria wa kuku. Mama kuku alipokuwa akichakura alikuwa anatoa vyote viwili kwa mkupuo mmoja.

Kwetu pia kazi imefanyika. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, mwana wa Afrika Mashariki aliyeamini kwamba mdudu anastahili kuchunguzwa hapa nyumbani, kimekuwa mstari wa mbele. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2018 uliwalisha kuku wa nyama unga wa funza hadi asilimia 15 ya chakula. Walikua sawa na wenzao, nyama yao ilikuwa na ladha ile ile, na faida ya pesa iliyowekezwa ilipanda kwa asilimia 25. Kenya iliweka viwango vya wadudu waliokaushwa kwa chakula cha mifugo mwaka 2017, na Umoja wa Ulaya ukaruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa mwaka huo huo, kisha kwa kuku na nguruwe mwaka 2021.

Nisije nikakupeleka mbio. Utafiti mwingine wa Italia wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwenye asilimia 15 hiyo hiyo mikunjo ya utumbo ilianza kuharibika, kwa hiyo mimi nashauri asilimia 5 hadi 10, nawe upime kuku wako kwa mizani. Funza hukusanya kadimiamu, basi usiwalishe taka za gereji, betri au jalala lililochanganyika. Usimmwagie kuku funza mbichi kutoka kwenye uchafu: waoshe, wachovye kwenye maji yanayochemka dakika chache, wakaushe kabisa, wahifadhi pakavu. Na wala bakteria rafiki wala funza hawazuii mdondo au gumboro. Chanjo ni chanjo. Kuku akiugua kweli, mwite daktari wa mifugo, atibiwe kwa dawa sahihi, dozi kamili, na zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko ziheshimiwe kabla ya yai au nyama kufika mezani kwa mtu.

Kwa kamati za masoko: tengeni eneo moja la taka za matunda na mboga tu, bila mifuko ya plastiki. Vikundi vya vijana vitakuja kuzichukua vyenyewe. Kwa halmashauri: mikopo ya vijana na wanawake mnayoitoa iwafikie wafuga funza kama inavyowafikia waendesha bodaboda, na maafisa ugani wafundishwe kazi hii. Mama lishe, na wenye hoteli, wekeni ndoo mbili jikoni: ya maganda na mboga, na ya takataka nyingine. Kwa wenye maduka ya dawa za mifugo, kaka na dada zangu, mna sauti kuliko daktari kwa sababu ninyi ndio mnaoonwa kwanza. Mteja akisema vifaranga wamefika leo na hakuna mgonjwa, mpeni bakteria rafiki na ushauri wa joto na maji safi, iacheni OTC rafuni.

Na wewe unayenunua mayai, muulize muuzaji kuku wale walitibiwa lini mara ya mwisho na kama siku za kusubiri zilikwisha. Ukimkuta mfugaji anayejibu bila kusita, mfanye kuwa wako, mlipe bei yake, na umpigie simu jirani umwelekeze kwake.