Kamera Hizi Zirudi Kazini

Kama nyumbani kwenu kuna kamera ya filamu iliyolala juu ya kabati, tafadhali usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu, wala usiiweke sebuleni kuwa pambo. Na kama haipo, nakuomba utafute moja ya mtumba uinunue. Maadamu inafyatua na filamu inavutika, ina kazi ya kufanya mtaani kwako.

Mpiga picha Mohamed Amin, aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianza utotoni Dar es Salaam na Box Brownie ya mtumba. Kamera ile ni kisanduku tu, lenzi moja na kitufe. Mwaka 1963, akiwa bado kijana mdogo, akafungua kampuni yake ya Camerapix. Sisemi kila atakayenunua kamera chakavu atakuwa Mohamed Amin. Nasema kwamba kitu cha bei ndogo kilifika mikononi mwa mtoto mwenye hamu, na hakuna aliyemwambia asubiri mpaka apate kilicho bora.

Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe akairithi kazi. Mombasa walikuwa na studio ya N. V. Parekh. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, akawa anaunganisha picha mbili tatu kuwa moja kwa ustadi wa mkasi na chumba cha giza. Maharusi, nguo za Idi, marafiki waliovaa miwani ya kuazima: sura za pwani nzima zilipita mbele ya watu hawa. Leo tunaweza kuzitazama kwa sababu negativu ni kitu cha kushika. Haidai nywila, wala haipotei simu inapochomolewa mfukoni kwenye daladala.

Simu siidharau, napiga nayo picha kila siku kama wewe. Lakini jiulize ni picha ngapi za simu yako ya miaka kumi iliyopita unazo bado. Negativu nazo hufa, tena pwani hufa haraka: unyevu, mchwa, na zile za asetati zikianza kuoza hunuka siki. Tofauti ni kwamba bahasha iliyosahauliwa ndani ya sanduku kavu inaweza kumsubiri mjukuu.

Sasa kwa nini nakuomba ununue kamera, badala ya kukuomba uhifadhi bahasha peke yake? Kwa sababu ufundi hauishi bila wateja. Fundi anayejua kufungua shata na kusafisha lenzi amebaki na kazi chache mno. Muuzaji akiona filamu zinaozea dukani haagizi tena. Mwenye studio hana sababu ya kumfundisha kijana kazi isiyo na malipo. Kila anayerudisha kamera kazini anawapa hawa sababu ya kuendelea kufungua milango. Na siku utakapokuta negativu za marehemu bibi yako, utahitaji mtu anayejua azifanyie nini.

Ukienda kununua, usitafute jina kubwa. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, inapiga picha hata betri ikiisha, maana betri yake ni ya kipima mwanga tu. Zenit-E ya Urusi ni nzito na ngumu kama tofali, na kipima mwanga chake hakitaki betri kabisa. Olympus Trip 35 nayo haitaki betri, na inaingia mkobani. Kamera za umeme za miaka ya themanini na tisini ni tamu kutumia, ila zikizimika mafundi wengi hawana la kufanya. Kwa anayeanza, mimi ningeziacha.

Kabla hujafungua mlango wa nyuma, zungusha kidogo kile kishikio cha kurudishia filamu. Kikikaza, ndani mna filamu. Usifungue! Irudishe yote kwenye kopo lake kwanza, kisha ikasafishwe. Huenda mna arusi ya mtu, au mtoto ambaye sasa ni mzee, na ikiwezekana muuzaji akufikishe kwa wenyewe. Kamera ikiwa tupu, mulika lenzi kwa tochi toka nyuma. Vumbi si neno. Nyuzinyuzi nyeupe zilizotambaa ndani ya kioo ni kuvu, ugonjwa mkuu wa lenzi za pwani, na hapo punguza bei au ondoka. Kama ina spidi ya sekunde moja, iweke, fyatua, usikilize: ikikwama ndani kwa ndani, mafuta yameganda na fundi anahitajika. Sponji nyeusi za mlangoni karibu kila mara zitakuwa zimegeuka gundi. Hilo lisikutishe, zinakwanguliwa kwa spiriti, na uzi mweusi wa sufi unaziba mwanga vizuri tu.

Filamu ni ghali, sifichi. Ndiyo maana picha 36 zinakufundisha kutazama kabla ya kufyatua. Jua likiwa wazi, kanuni ya zamani bado inafanya kazi: tundu la lenzi kwenye 16, spidi ilingane na namba ya filamu, yaani filamu ya ASA 100 utumie 1/125. Ila jua letu la mchana liko utosini na macho ya watu hujaa kivuli, kwa hiyo kwa sura za watu fungua mpaka 11 au 8. Tena negativu inavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Hili ni muhimu kwetu: kwa miaka mingi rangi za filamu na picha za Kodak zilipimwa kwa kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikaachwa ijitafutie mwanga wake. Usimwonee aibu rafiki yako, mwongezee mwanga.

Kuna pia adabu ya kazi. Omba ruhusa. Uliyempiga picha mpelekee nakala ya karatasi, hata kama ni muuza madafu uliyekutana naye mara moja, kisha andika kwa penseli nyuma ya nakala yako jina lake kama amekubali, mahali na mwaka.

Kusafisha filamu nyeusi na nyeupe kunawezekana jikoni. Tangi dogo lisilopitisha mwanga linatosha, na beseni la barafu la kushusha dawa hadi nyuzi 20, kwani maji ya bomba ya Dar es Salaam hayafiki huko. Kuna hata dawa inayopikwa kwa kahawa ya kopo, sodiamu kaboneti na vitamini C; wazo lake lilianzia chuoni Rochester, Marekani, miaka ya tisini, na inatoa picha kweli, ingawa harufu yake itawatoa wageni nyumbani. Fiksa, ile dawa ya mwisho, inabeba madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu. Iweke kwenye dumu lenye lebo, mbali na watoto, na isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima.

Si lazima kila mtu anunue vyote. Watu wanne watano wa mtaa mmoja wakichanga, tangi, dawa na kipimajoto vinakuwa vya wote, na kila mmoja anabaki na gharama ya filamu yake. Walimu wenye klabu za wanafunzi, jaribuni na kamera moja ya kupokezana. Wenye studio za zamani, msichome makopo ya negativu mnapohama. Waulizeni kwanza majirani zenu ni akina nani wanaowatambua pichani. Na wewe unayemjua fundi wa kamera ambaye bado anafungua meza yake, wapelekee wenzako habari zake kabla hajaifunga.