CHATU WETU, FAIDA YA NANI?



Kila mwaka pamba ikishauzwa, sisi Wasukuma hutoka kwenda mbina. Wagika husimama upande wao na Wagalu upande wao, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Wengine huvuta watu kwa nyimbo, wengine kwa dawa, na wengine huvuta kwa chatu.

Mwaka huu hapa Mwamanyili nilimwona mzee mmoja akimfungulia chatu wake sanduku la mbao. Watu walikimbia, kisha wakarudi wakicheka. Mimi sikucheka. Nyoka yule uti wa mgongo ulikuwa umechomoza kama upanga, gamba kuukuu limemng'ang'ania mwilini, na mdomo una vidonda. Nikamwuliza mwenyewe, "Mzee, huyu anakula nini?" Akanijibu, "Mwanangu, anakula siku nikipata." Juma la pili yake nikasikia chatu amekufa, na mzee ameingia porini kutafuta mwingine.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tunajua kumkamata chatu, lakini hatujui kumfuga. Na mtu asiyejua kufuga hana budi kuiba porini kila mwaka, mpaka pori liishe.

Simlaumu mzee yule. Yeye ni mrithi wa Bayeye, chama cha mafundi wa nyoka cha Usukuma, waliojua dawa za sumu na kufundishana kazi hiyo tangu enzi za mababu. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yanatunza habari zao, na kila Juni katika sikukuu ya Bulabo wageni kutoka nchi za mbali huja kutazama ngoma ya nyoka. Elimu ya kumshika nyoka ni yetu. Lakini elimu ya kumzalisha tumewaachia wengine.

Tazameni Afrika Magharibi. Kwa miaka mingi chatu wadogo wa Ghana, Togo na Benin wamepakiwa katika masanduku kupelekwa Marekani na Ulaya. Aliyemchimbua shimoni alipata senti. Aliyempokea alimzalisha katika chumba chenye joto, akachagua rangi, na chatu mmoja wa rangi adimu akapata kuuzwa kwa maelfu ya dola. Je, haya si mambo ya pamba tuliyoyajua? Tuliuza marobota, tukanunua mashati.

Na kwetu je? Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga 4, walipandishwa ndege katika Uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar. Mwaka 2016 Serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Juni 2022, ilipotangazwa kwamba wafanyabiashara wangepewa miezi 6 kumaliza akiba yao, wananchi walipiga kelele, na ruhusa ile ikasimamishwa mara moja. Vema sana. Lakini kufunga mlango ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua la kufanya na mali iliyobaki nyumbani.

Chatu hana uchawi. Ana kanuni, kama ng'ombe alivyo na kanuni. Jike huwa mkubwa kuliko dume. Hutaga mayai kati ya 20 na 50, na wakubwa wamepata kutaga hata 100. Huyazunguka kwa mwili wake asiondoke kwenda kula, na mayai huanguliwa baada ya miezi miwili mpaka mitatu. Graham Alexander, mtaalamu wa Afrika Kusini, alieleza mwaka 2018 jinsi chatu wa kusini anavyobadilika akawa mweusi wakati wa kuatamia, akaota jua mpaka mwili ukapata joto la nyuzi 40 hivi, kisha akarudi shimoni kuwapasha wanawe. Mama huyo hukaa na vitoto vyake majuma mawili hivi baada ya kuanguliwa. Basi, mwenye kumtia mnyama kama huyo ndani ya sanduku la giza amemnyima jua lake. Anahitaji banda lenye upande wa joto na upande wa kivuli, beseni la maji la kujitosa, kipimajoto, na panya au sungura aliyekwisha kuuawa.

Wapo watakaosema, "Huyu ni hatari, auawe." Hatari ipo, sikatai. Agosti 2013, katika mji wa Campbellton, Canada, chatu wa Afrika alitoroka bandani ndani ya nyumba akawaua watoto wawili ndugu waliokuwa wamelala. Kwa hiyo chatu mkubwa si mnyama wa kufugwa nyumbani wanapolala watoto, wala si wa kushikwa na mtu mmoja. Lakini tukimwua kila chatu tunayemwona, panya wa maghalani watatushukuru.

Wengine watauliza faida iko wapi ikiwa kuuza nje kumezuiwa. Mwaka 1993 familia moja kutoka Afrika Kusini ilianzisha bustani ya nyoka huko Meserani, karibu na Arusha. Wasafiri waendao mbugani husimama pale, hulipa, hutazama, na pana zahanati ya kutibu walioumwa na nyoka. Ikiwa mgeni kutoka mbali aliliona jambo hilo, sisi tunaoishi kando ya barabara ya Mwanza kwenda lango la Ndabaka la Serengeti tumefumba macho kwa sababu gani? Magari ya watalii yanatupita kila siku, yanatuachia vumbi tu.

Rai yangu ni hii. Mafundi wa nyoka wa vijiji vyetu waungane katika chama kimoja cha ushirika. Waombe leseni moja, kwa maana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kuweka mnyamapori bila kibali. Wajenge banda moja imara mbali na nyumba za watu. Bwana Nyama aje kuwafundisha, nao wamfundishe. Na chatu wa ngoma atoke katika mayai ya bandani, asitoke porini tena.

Mwaka 1955 baba zetu wakulima wa pamba walipounganisha vyama vyao wakaunda VFCU chini ya Paul Bomani, wengi waliwacheka kwamba mkulima hajui mizani. Walijifunza mizani. Na sisi tutajifunza kipimajoto.

Mzee wa Mwamanyili asirudi porini na gunia. Tumpe banda, na vijana wa kumrithi.

Wenu,
Mwana-Mwamanyili