Ini la mkulima lisisubiri maabara

Maabara za nje zinajaribu chembe ndogo mno ambazo hung'aa zikikuta ini lenye ugonjwa. Ni habari njema, lakini mkulima wa Ngara au Biharamulo asizisubiri. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua takriban watu 20 mikoani Dodoma na Manyara kwa kuharibu maini yao. Sumu hiyo hutokana na ukungu, na kupika hakuiondoi. Kinga ni kuanika mahindi na karanga kwenye turubai, si ardhini, hadi vikauke vizuri, unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13, kisha kupanga magunia juu ya chaga. Wafanyabiashara nao wakatae mzigo wenye unyevu, hata ukiwa rahisi. Halmashauri zihakikishe kila soko la mahindi lina kipima unyevu.