Mwalimu wa Mazoezi Naye ni Mfanyakazi



Wapo kati yetu wanaowacheka walimu wa mazoezi ya viungo. Husema: sisi tunavunja migongo shambani na kiwandani kwa kutafuta riziki, na huko mjini wapo watu wanaotoa fedha ili watokwe jasho, na mwingine analipwa kwa kuwatazama. Mzaha huu unachekesha, lakini unatupotosha. Anayetoa fedha ni mteja. Anayemfundisha ni mfanyakazi, na mashine anayoitumia si yake, kama vile mashine tunazotumia sisi zisivyo zetu.

Tukumbuke kwanza asili ya chombo chenyewe. Mwaka 1818 mhandisi wa Kiingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye vidaraja kwa ajili ya magereza. Wafungwa walikanyaga kidaraja baada ya kidaraja kwa saa nyingi bila kufika popote. Mahali pengine gurudumu hilo lilisaga nafaka au kuvuta maji. Mahali pengine halikufanya lolote ila kuwachosha. Sheria ya magereza ya mwaka 1898 ndiyo iliyofungua njia ya kulikomesha. Jina lake la Kiingereza ndilo linalotumika hadi leo kwa mashine ya umeme ya kukimbilia. Tofauti kubwa ni kwamba leo anayekimbia ana kamba ndogo nguoni. Akiteleza, kamba inavutika na mashine inasimama. Mfungwa hakuwa na amri ya kusimamisha kitu.

Mwalimu anayeijua kazi yake huanza na vyombo kabla ya wateja kufika. Huangalia waya wa chuma kama nyuzi zimeanza kukatika, pini ya vyuma vya uzito kama imeingia sawasawa, na mkanda kama unakwenda upande. Huzijua mashine kwa mlio, kama fundi wa kiwanda cha nguo anavyoujua mtambo wake. Hiyo si kazi ya kutazama tu. Mwaka 2021 huko Marekani kampuni ya Peloton ililazimika kuzirudisha mashine za kukimbilia zipatazo 125,000 za aina moja, baada ya watu na vitu kuvutwa chini ya mkanda kwa nyuma na mtoto mmoja kufa. Kila mmoja wetu aliyewahi kuona mkanda wa mashine usio na kinga anajua maana yake.

Sasa tutazame malipo. Katika klabu nyingi za Uingereza mwalimu huhesabiwa kuwa amejiajiri. Kwa sababu hiyo hulipa kodi kila mwezi ili aruhusiwe kufundisha kwa mashine za mwenye klabu, awe amepata wateja au hakupata. Kwingine hulipa kodi hiyo kwa jasho: hufuta mashine na kulinda ukumbi kwa saa kadhaa bila ujira. Akiugua, hana likizo ya kulipwa. Akiumia mgongo kwa kuonyesha zoezi lile lile mara nyingi kwa siku, mzigo ni wake. Wengi hupoteza sauti kwa kupiga kelele juu ya muziki, ilhali kipaza sauti kingewaokoa. Je, mkata mkonge akiambiwa akodi panga la tajiri, tutasema amejiajiri?

Baadhi ya wenzetu hao wamekataa. Mwaka 2016, huko Toronto, Canada, walimu wa klabu kubwa ya mazoezi walipiga kura kujiunga na chama cha Workers United. Moja ya malalamiko yao ilikuwa saa walizofanya kazi bila kulipwa. Mwaka 2019, New York, walimu wa yoga wa kampuni ya YogaWorks walipiga kura na kuingia katika chama cha mafundi mitambo. Mwaka uliofuata, wakati wa ugonjwa wa korona, kampuni ilifunga kumbi zake zote za mji huo. Basi tusidanganyane: kura peke yake haimlindi mtu ambaye tasnia yake nzima haijaungana.

Jambo hili linatuhusu. Klabu za mazoezi zipo leo Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Kigali, na vijana wanaozifanyia kazi ni watoto wa wachuma chai na wa wasokota nyuzi. Tusipowaingiza katika vyama vyetu, waajiri wa viwanda na mashamba watajifunza hila ile ile: kumwita mfanyakazi mfanyabiashara, kisha kumtoza kodi ya chombo cha kazi. Wapo vibarua kati yetu ambao tayari wananusa harufu ya mpango huo.

Kwa hiyo viongozi wa matawi wawafikie walimu hawa na kuwauliza maswali matatu tunayoulizana wenyewe. Nani mwenye mashine? Nani anayeikagua? Ukiumizwa nayo, nani atakayelipa? Ikiwa jibu la kwanza ni tajiri, na majibu mawili yaliyobaki ni mfanyakazi, basi huyo ni ndugu yetu, na nafasi yake ni ndani ya chama.